Sura ya Sita: Koti la Ngamia

Maziwa ya ngamia hufika Isiolo mjini yakiwa yamechoka. Neno hilo ni la mama mmoja muuza maziwa niliyemkuta asubuhi ameinamia mtungi wa njano wa lita 20, ule ambao kabla ya kazi hii ulibeba mafuta ya kupikia. Alifungua kifuniko, akasogeza pua, akatulia kama mtu anayesikiliza sauti ya mbali, kisha akausukuma mtungi upande wake wa kushoto. Wa pili ukaenda kulia. Wa kushoto, alinieleza, ulitoka mbali na jua liliuwahi njiani. Maziwa yake yangeachwa yagande yawe susa, yauzwe papa hapa mjini. Wa kulia ungepanda basi kwenda Nairobi, mtaa wa Eastleigh, ambako wateja huyataka yakiwa mabichi.

"Umejuaje, mama?"

"Mwanangu, maziwa yanasema. Ukiyanusa miaka ishirini, utayasikia."

Biashara hii ya Isiolo imejengwa na wanawake. Ushirika wa Anolei ndio unaojulikana zaidi: akina mama wanaokusanya maziwa kutoka kwa wafugaji walioko malishoni, mengi yakitoka upande wa Kulamawe, kisha wanayapoza mjini na kuyasafirisha takriban kilomita 280 hadi Nairobi. Mjini kuna umeme na majokofu. Taabu iko kabla ya hapo, kati ya kiwele na mji, ambako maziwa yaliyotoka na joto la mwili wa ngamia husafiri juu ya punda au bodaboda, chini ya jua lisilo na huruma, ndani ya plastiki. Saa hizo chache ndizo zinazoamua mtungi uende kulia au kushoto.

Nami nilikuwa nimefika Isiolo kwa ajili ya kisanduku. Vijana wanne, mmoja wao fundi wa kuchomelea vyuma, walitaka kubuni sanduku la kufungwa nyuma ya bodaboda, libebe mitungi miwili na liyaweke maziwa baridi bila umeme wala barafu. Walikuwa na mawazo matano. Waliyaandika kwenye simu, wakaipa programu ya akili bandia, wakaiomba ilipe kila wazo alama kati ya kumi. Wazo la sanduku lenye mabomba ya hewa kama kichuguu cha mchwa likapata tisa. Gunia la katani lililoloweshwa maji, ambalo wabebaji wengine hulitumia tayari, likapata tano.

Niliwaomba tufanye jambo moja dogo. Tuliyapanga mawazo yale yale kwa mpangilio mwingine, la mwisho likawa la kwanza. Kisha wazo la gunia, ambalo walikuwa wameliandika kwa mstari mmoja, tukalirefusha likawa aya nzima, bila kuongeza jambo lolote jipya. Tukauliza tena. Gunia likapanda, kichuguu kikashuka. Vijana wakatazamana.

Jambo hilo linajulikana. Mwaka 2023 kundi la watafiti, Lianmin Zheng akiwa wa kwanza katika orodha ya waandishi, lilichunguza programu hizi zinapofanywa waamuzi wa kazi za wengine. Walikuta kwamba mara nyingi zinakubaliana na watu, lakini zina mapendeleo: hutekwa na jibu lililotangulia, huvutiwa na jibu refu, na huelekea kupenda maandishi yanayofanana na yao wenyewe. Mtu anayepanga kutumia akiba ya mwaka kununua chuma na kulipa fundi hawezi kuegemea alama inayobadilika kwa sababu ya urefu wa aya. Lakini sikuwaambia waifute programu. Niliona waliitumia kwa swali lisiloifaa, na kwamba swali linaloifaa lilikuwa limelala ndani ya mawazo yao. Kila moja kati ya yale matano lilikuwa mlinganisho: sanduku ni kama kichuguu, ni kama mtungi wa udongo.

Sisi tuliokua na vitendawili tumefundishwa kazi hii tangu utotoni. Nyumba yangu haina mlango: yai. Yai na nyumba havifanani kwa rangi, kwa ukubwa wala kwa kitu vilivyotengenezwa nacho. Kinachoviunganisha ni uhusiano: kuna kilicho ndani, kuna ukuta unaokizunguka na kukilinda. Mtoto anayetegua kitendawili amejifunza kuacha sura ya kitu na kushika namna sehemu zake zinavyohusiana. Dedre Gentner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliliandika jambo hili kama nadharia mwaka 1983: mlinganisho wenye nguvu huhamisha mahusiano, hasa yale yanayoshikana kama mnyororo wa sababu na matokeo, na huziacha nyuma sifa za juujuu. Lakini kitendawili kinatufundisha jambo la pili ambalo wabunifu hulisahau. Kila mfano una mahali unapokatikia. Nyumba isiyo na mlango haina atakayeishi ndani yake kwa hiari, na kifaranga hutoka kwa kuivunja. Ukitaka kupima wazo lililozaliwa na mlinganisho, tafuta mahali hapo mapema, kabla hujanunua chuma.

Mfano mmoja wa ubaya wa kutopatafuta ulifika hadi Isiolo. Bima ya mifugo inayotegemea setilaiti ilianza Marsabit mwaka 2010, ikafika Isiolo mwaka 2013. Ni wazo ninaloliheshimu sana. Badala ya mkaguzi kuzunguka nyika akihesabu mizoga, setilaiti hutazama ukijani wa ardhi. Ukijani ukishuka chini ya kiwango, mfugaji analipwa. Mlinganisho uliobeba mfumo wote ni huu: kijani ni malisho. Mara nyingi ni kweli. Kisha unafika mahali palipovamiwa na mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kutoka Amerika, unaobaki kijani wakati nyasi zimekufa. Kwa jicho la angani panaonekana pamestawi. Kwa ng'ombe hapana kitu. Rangi imehamishwa, lakini uhusiano wa jani na tumbo la mnyama umeachwa nyuma.

Turudi kwenye sanduku, tuanze na gunia lililodharauliwa.

Kiswahili cha Kenya kinakiita mtungi kile chombo cha udongo kilichokaa kivulini nyumbani kwa bibi, na kinaliita mtungi lile dumu la plastiki. Jina moja, tabia mbili. Mtungi wa udongo hutoa jasho: maji hupenya ukutani, hufika nje, hugeuka mvuke, na kila tone linaloondoka huondoka na joto. Plastiki haitoi jasho. Gunia lenye maji ndilo jasho tunaloiazima. Hesabu yake inatia moyo kuliko nilivyotarajia. Kushusha joto la lita 20 za maziwa kutoka nyuzi 37 hadi 27 kunahitaji kuondoa takriban kilojuli 780. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hubeba kilojuli 2,400 hivi. Kwa hiyo theluthi moja ya lita, kama bilauri moja na kidogo, ingetosha kuyashusha maziwa ya mtungi mzima nyuzi kumi. Hiyo ni hesabu ya joto la maziwa peke yake. Jua na hewa ya moto vinarudisha joto bila kukoma, na kiasi halisi cha maji ni kikubwa zaidi. Lakini inaonyesha kwamba wazo lililopewa tano lina fizikia upande wake.

Mahali linapokatikia ni hewani. Jasho hupoza pale hewa ilipo kavu na tayari kulipokea. Chukua mchana wa Isiolo wenye nyuzi 32 na unyevunyevu wa asilimia 30: gunia linaweza kushuka hadi karibu nyuzi 20, si zaidi, hata ukilimwagia maji kutwa. Peleka sanduku lilelile Lamu, mwisho wa pili wa ile barabara kuu ya LAPSSET inayokusudiwa kuunganisha pwani na Isiolo, siku ya nyuzi 31 na unyevunyevu wa asilimia 75, nalo litakwama karibu nyuzi 27. Kilicho dawa Isiolo kinakuwa kitambaa chenye maji Lamu. Na hata hizo nyuzi 20 si baridi ya jokofu. Zinachelewesha maziwa kuchacha, zinampa mbebaji saa kadhaa. Kwa mama wa asubuhi ile, saa kadhaa ndizo tofauti ya kulia na kushoto.

Kichuguu sasa. Barabarani kutoka Isiolo vichuguu vimesimama vingine virefu kuliko mtu, na naelewa kwa nini vijana walivutiwa navyo. Pia naelewa kwa nini programu ilivipa tisa. Mwaka 1961 Martin Lüscher, mtaalamu wa wadudu kutoka Uswisi, alieleza kwamba kichuguu ni kama dohani: joto la mchwa hupandisha hewa, hewa huzunguka, kiota hupoa. Mbunifu wa majengo Mick Pearce alishika taswira hiyo, na mwaka 1996 Harare ikapata jengo la Eastgate, linalopozwa kwa hewa inayopita ndani ya kuta na sakafu bila mitambo mikubwa ya kupoza. Ni jengo linalostahili sifa zake, na limeandikwa mara zisizohesabika. Programu iliyolishwa maandishi ya dunia nzima imekutana na kichuguu na Eastgate mahali pengi mno, na ukiitajia kupoza bila umeme, njia hiyo ndiyo iliyokanyagwa zaidi.

Kisha mwaka 2008 J. Scott Turner na Rupert Soar, waliokuwa wamechunguza vichuguu vya Namibia kwa miaka, wakaandika kwamba mchwa hawafanyi hivyo. Joto la kiota hufuata joto la udongo, hupanda na kushuka kwa majira. Kichuguu kinafanana zaidi na pafu: kazi yake kubwa ni kubadilishana hewa, upepo ukivuma na kutulia. Na Eastgate? Linafanya kazi. Linafanya kazi kwa sababu Harare ina usiku wa baridi na jengo lina zege zito. Hewa ya usiku hupoza zege, na mchana zege hupokea joto la watu na kompyuta. Mfano ulikosea kuhusu mchwa, ukazaa jengo jema.

Hapo ndipo nilipowaomba vijana watulie kidogo, kwa maana jambo hili linawasumbua hata wabunifu wazoefu. Hadithi iliyozaa wazo si ushahidi wa wazo. Inaweza kuwa ya uongo na wazo likasimama. Inaweza kuwa ya kweli na wazo likaanguka. Ukishalipata wazo, livue hadithi yake uulize ni nini hasa kinachobeba joto, na kulipeleka wapi. Sanduku la bodaboda halina zege, na haliwezi kungoja usiku. Mabomba yake yangeingiza hewa ya nyuzi 32 kwenye maziwa yanayotaka kupoa chini ya hapo.

Gharama ya kutouliza swali hilo inaweza kuwa kubwa. Afrika Kusini walibuni pampu ya maji inayozungushwa na watoto kama bembea ya mduara. Nani asingeupenda mfano huo? Mchezo ni nguvu, nguvu ni maji. Wazo likashinda tuzo ya Benki ya Dunia mwaka 2000, na mwaka 2006 zikatangazwa dola milioni 16.4 kutoka Marekani kulisambaza. Mwaka 2009 gazeti la Guardian la Uingereza lilipiga hesabu: ili pampu moja iwatosheleze watu 2,500 waliotajwa, watoto wangelazimika kucheza saa 27 kila siku. Mtoto anacheza mpaka achoke, kijiji kinakunywa hata kama mtoto amechoka. Mfano ulikatikia hapo, na baada yake waliobaki kuuzungusha mduara mara nyingi walikuwa wanawake.

Programu ya akili bandia inasaidia wapi, basi? Mwaka 2017 Tom Hope, Joel Chan, Aniket Kittur na Dafna Shahaf walifundisha kompyuta kusoma maelfu ya maelezo ya bidhaa na kutenganisha mambo mawili: kitu kinakusudia nini, na kinafanikisha kwa njia gani. Kompyuta ikaweza kutafuta vitu vyenye kusudi moja na njia tofauti, na watu walioonyeshwa mifano hiyo wakabuni mawazo bora zaidi. Hiyo ndiyo kazi ninayoipenda kwa mashine: kwenda mbali, kwenye fani nisizozijua, na kurudi na kitu kinachofanana na changu kwa uhusiano. Hakuna mtu mmoja anayejua mchwa, zege, pua ya ngamia na viatu vya wapanda milima kwa pamoja.

Lakini uhodari wake wa milinganisho si wa kuegemewa wote. Mwaka 2023 Taylor Webb, Keith Holyoak na Hongjing Lu walionyesha kwamba programu ya aina hii iliweza kutatua mafumbo ya mlinganisho sawa na wanafunzi wa chuo, wakati mwingine kuwapita. Mwaka uliofuata Martha Lewis na Melanie Mitchell wakaja na mtego mzuri. Fumbo la kawaida ni kama hili: ikiwa ABC hugeuka ABD, IJK itageuka nini? IJL. Wao wakachanganya mpangilio wa alfabeti, wakaueleza wazi mpangilio mpya, wakauliza vilevile. Watu waliendelea vizuri. Programu ziliteleza. Zilikuwa na nguvu kwenye alfabeti iliyoandikwa duniani mara bilioni, zikadhoofika kwenye alfabeti ya leo asubuhi. Na tatizo la mbunifu wa Isiolo, kila mara, ni alfabeti ya leo asubuhi.

Kuna hatari nyingine inayoniuma zaidi. Mwaka 2024 Anil Doshi na Oliver Hauser walichapisha jaribio la hadithi fupi: waandishi waliopewa mawazo na akili bandia waliandika hadithi zilizohesabiwa kuwa za kibunifu zaidi, hasa wale waliokuwa dhaifu, ila hadithi zao zilifanana zaidi zenyewe kwa zenyewe. Kila mmoja alipata faida, na wote pamoja walipungukiwa. Nafikiria vijana wa Isiolo, wa Kisumu, wa Dodoma, wote wakiuliza simu namna ya kupoza kitu bila umeme, wote wakipewa kichuguu.

Kwa hiyo tulibadilisha swali. Badala ya kuomba alama, kwa kila wazo tuliuliza mambo mawili: nionyeshe vitu vitatu vinavyofanya kazi hii kwa njia nyingine, kimoja kikiwa kiumbe, kisha uniambie kila kimoja kinaachana na sanduku langu wapi. Majibu mengine yalikuwa makapi. Moja lilikuwa dhahabu, na lilikuwa limesimama nje ya dirisha likitafuna mgunga.

Miaka ya 1950 Knut Schmidt-Nielsen, mtaalamu wa miili ya wanyama, alikaa Sahara ya Algeria akiwapima ngamia. Alimnyoa mmoja. Ngamia aliyenyolewa alitumia maji karibu nusu zaidi ya yule mwenye manyoya. Ngamia hutoka jasho ngozini, chini ya manyoya. Jasho hugeuka mvuke hapo hapo kwenye ngozi, na manyoya yanazuia joto la jua lisifike huku yakiuachia mvuke njia. Koti juu ya jasho. Mwaka 2020 wahandisi wa chuo cha MIT, Marekani, waliiga mpangilio huo kwa tabaka mbili: la chini lililojaa maji, la juu jepesi linalozuia joto na kupitisha mvuke. Kitu kilibaki baridi kwa muda mrefu mara tano kuliko tabaka la maji likiwa peke yake.

Yaani gunia lenye maji, na juu yake blanketi kavu lililofumwa kwa ulegevu. Nailoni haifai, kwa sababu ingeuzuia mvuke. Yule fundi wa kuchomelea alicheka kwa furaha: maziwa ya ngamia yavishwe ungamia.

Tukatafuta pa kukatikia. Programu ilitaja kwamba koti linapunguza pia kasi ya kupoa, jambo la kweli. Kijana mmoja, mtoto wa wafugaji, akataja lililo kubwa zaidi: ngamia mwenye kiu huuacha mwili wake upate joto. Schmidt-Nielsen alilipima hilo pia. Asubuhi nyuzi 34, jioni zaidi ya 40, na usiku joto lote hurudishwa hewani bila tone la jasho. Ndiyo siri kubwa ya mnyama huyu. Na ndiyo sehemu ambayo maziwa hayawezi kuiiga, kwa sababu maziwa yakifika 40 yamekwisha. Tukachukua manyoya, tukaiacha subira ya ngamia.

Lazima niseme pia kwamba vijana hawakuwa wa kwanza. Mwaka 2012 Francis Wayua, Michael Okoth na John Wangoh walichapisha uchunguzi wa safari nzima ya maziwa ya ngamia Isiolo, kutoka kukamuliwa hadi kuuzwa. Watafiti hao hao walibuni kabati la kupozea lenye kuta za makaa yaliyoloweshwa, wakatumia mtandao wa nyuroni bandia kutabiri utendaji wake kutokana na vipimo vya hali ya hewa. Hiyo pia ni akili bandia, ingawa haizungumzi. Haijui lolote kuhusu Eastgate wala watoto wa Afrika Kusini. Inajua kabati moja, kwa namba zilizopimwa kwenye kabati hilo. Ile ya kwenye simu inajua yote yaliyowahi kusemwa kuhusu kupoza na haijawahi kugusa kitu cha baridi. Ningependa kila karakana ya ubunifu iwe na zote mbili: inayosema ilete mifano, inayopima iikate. Vijana walinunua vipimajoto vitatu na daftari la kujazia namba.

Tulimrudia mama. Mitungi mitatu iliyojaa maji ya vuguvugu ilikuwa chini ya mti: mmoja bila vazi, mmoja na gunia bichi, mmoja na gunia na blanketi. Alisikiliza maelezo yote, ya jasho na ya manyoya, akitikisa kichwa kukubali. Za ngamia anazijua kuliko sisi. Kisha akauliza, "Hayo maji ya kulowesha yatatoka mtungi wa nani?"

Kimya. Kati ya mwaka 2020 na 2023 kaskazini mwa Kenya misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya maana. Wakati huo lita moja ya maji malishoni ilikuwa na mwenyewe kabla haijachotwa: mtoto, ndama, mzee. Hesabu yetu ya theluthi ya lita ilikuwa sahihi, na hatukuwa tumeandika popote ni nani angenyimwa. Hapo blanketi lilipata thamani nyingine machoni pangu. Kazi yake kubwa pengine si baridi, ni kufanya maji machache yadumu. Kijana wa wafugaji aliandika safu mpya kwenye daftari karibu na joto: maji yaliyotumika.

Mama alikuwa ameshasogea. Alifungua mtungi wa tatu, wenye koti, akaweka pua kama asubuhi ile, akainua uso.

"Hapa hamna moshi."

Mtungi ulikuwa mpya, umeoshwa kwa sabuni. Nyumbani kwa Waborana maziwa hukaa ndani ya gorfa, chombo kilichosukwa kikabana hata hakivuji, na kabla ya kutiwa maziwa hufukizwa kwa moshi wa kuni zilizochaguliwa. Moshi husaidia kukinga maziwa yasichache upesi na huyapa ladha ambayo mteja wa Eastleigh anaijua na kuidai. Plastiki haivumilii makaa. Katika mawazo matano, katika kurasa zote zilizoandikwa na simu na katika maswali yangu mwenyewe, hakuna aliyekuwa ameutaja moshi.

Fundi alikuwa wa kwanza kuchuchumaa. Aliuliza kama mkebe wa alumini unaweza kufukizwa, na mama akasema unaweza, ukiachwa upoe vizuri kabla ya kutia maziwa. Kijana wa daftari alirudi ukurasa wa milinganisho. Chini ya mtungi, kichuguu na ngamia akaandika gorfa, akachora mstari, akaanza kumuuliza mama ni mti gani, na unafukizwa kwa muda gani.